Kwanza Majani, Kisha Mnunuzi, Mwisho Mbuzi

Mambo ya kupima kabla ya kununua mbuzi wa maziwa Kabati na vijiji vya jirani

Ndugu mkulima, siku hizi haipiti wiki bila mtu kufika katika ofisi ya kilimo kuuliza habari za mbuzi wa gredi. Mmoja amesikia kwamba mbuzi wa namna hiyo hutoa lita nne za maziwa kwa siku. Mwingine ameonyeshwa picha katika simu, akaambiwa atume pesa upesi kabla mbuzi hawajaisha. Wa tatu amekwisha kuuza fahali wake, na pesa anazo mfukoni. Swali lao wote ni moja: "Mbuzi hao wapatikana wapi?"

Swali hilo ni zuri, lakini mahali pake ni mwishoni. Yako maswali mengine yanayotakiwa kujibiwa kwanza, na majibu yake hayako kwa muuzaji. Yako katika shamba lako mwenyewe, katika pipa lako la maji, na katika maduka na nyumba za Kabati, Matinyani, Kauwi na Mutonguni.

Makala haya hayaandikwi ili kumkataza mtu. Mbuzi wa maziwa ni mnyama mwema. Hula kidogo kuliko ng'ombe, hubeba mimba miezi mitano tu, hukaa mahali padogo, na mbolea yake ni nzuri kwa matuta ya mahindi na mboga. Lakini yeye ni kama mgeni aliyealikwa nyumbani. Ukimwalika kabla ya kuweka akiba ya chakula, aibu itakuwa yako na njaa itakuwa yake.

MNYAMA ANAYENUNULIWA ILI AUZWE TENA

Tuanze mbali kidogo, maana mambo ya mbali hufundisha bila kumwudhi mtu.

Katika milima mirefu ya Andes, huko Amerika ya Kusini, kuna mnyama aitwaye alpaka. Ni jamaa wa ngamia, lakini ni mdogo na hana nundu, na manyoya yake ni laini sana. Watu wa Peru na Bolivia wamemfuga tangu zamani. Hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka, na huzaa mtoto mmoja tu baada ya mimba ya miezi kumi na moja au zaidi.

Mwaka 1984 wafanya biashara walianza kuwaingiza alpaka Marekani kwa wingi. Watu waliokuwa na mashamba madogo, wengi wao wapya katika ufugaji, wakaambiwa kwamba huo ndio utajiri. Jike mmoja mzuri akauzwa kwa maelfu ya dola, na wengine wakafikia makumi ya maelfu. Lakini angalia mahali pesa hizo zilipotoka. Manyoya ya mnyama mmoja kwa mwaka ni kilo chache tu, na thamani yake haikuweza hata kidogo kurudisha bei ile. Mwenye alpaka alipata faida kwa kumwuzia mfugaji mpya watoto wa alpaka, na yule mpya naye akamtafuta mpya mwingine. Ilipofika mwaka 2008 uchumi wa Marekani ukaharibika, na wapya wakaacha kuja. Bei ikaanguka, na baadaye wako waliowatoa alpaka wao bure ili wasiendelee kuwalisha.

Mnyama mwenyewe hakuwa na kosa. Manyoya yake ni mazuri hadi leo, na watu wa Andes waendelea kuyauza. Kilichoharibika ni ile biashara ya kununua mzazi ili kuuza mtoto kwa mtu ambaye naye ataka kuuza mtoto.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Hapa Kenya, mwaka 2013, habari zilienea kwamba mayai ya kware huponya magonjwa mengi. Yai dogo likauzwa kwa makumi ya shilingi, kupita bei ya yai la kuku mara kadhaa. Watu wakakimbilia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kuomba leseni, maana kware huhesabiwa kuwa ndege wa porini. Wengine walikopa fedha, wengine wakaacha kuku. Mwaka 2014 haujaenda mbali, mayai yakajaa kila mahali, wanunuzi wakatoweka, na bei ikaanguka chini kabisa. Vifaranga walikuwa wakinunuliwa na wafugaji wapya, na wafugaji wapya walipokwisha, biashara nayo ikaisha.

Basi, mtu akikuletea mnyama au ndege mpya, mwulize swali hili moja: "Ni nani atakayekula, atakayekunywa au atakayevaa kitu kitokacho kwa mnyama huyu, naye si mfugaji?" Akikutajia watu unaowajua, endelea kumsikiliza. Akisema kwamba faida yako itatokana na kuwauzia watoto majirani wanaoanza, mshukuru, umpe maji ya kunywa, kisha umsindikize. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mbuzi wa maziwa amemshinda alpaka na kware kwa jambo moja kubwa. Maziwa yake hunyweka nyumbani, na nyama yake ina mnunuzi katika kila soko la Ukambani. Lakini wauzaji wengine wa mbuzi hutumia maneno yale yale ya kware. Ndiyo maana hapana budi kupiga hesabu.

HESABU MAJANI KABLA YA KUHESABU MBUZI

Katika Ukambani shauri la mifugo na majani ni la zamani. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilitaka kupunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Watu wakakataa, wakaenda Nairobi kwa maelfu wakiongozwa na Muindi Mbingu, na ingawa yeye alihamishiwa Lamu, serikali ililazimika kuacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Baadaye, katika makao mapya ya Makueni, yaliyoanzishwa miaka ya mwisho ya 1940, walowezi waliwekewa masharti ya matuta na ya idadi ya mifugo.

Siku hizi hapana askari atakayekuja kukuhesabia mbuzi. Kazi hiyo ni yako. Nayo ni rahisi ukiwa na kalamu.

Mbuzi jike chotara anayekamuliwa huhitaji kama kilo mbili za chakula kikavu kila siku. Kwetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi, na mvua za Machi hadi Mei mara nyingi ni haba. Kutoka Juni hadi Oktoba ni kiangazi, nacho huchukua kama siku 150. Hesabu yake ni hii:

Kilo 2 mara siku 150 ni kilo 300 kwa mbuzi mmoja.
Mbuzi wawili ni kilo 600.
Robota moja la nyasi kavu likiwa kilo 15, mbuzi wawili wahitaji marobota 40.

Ukitaka kufuga mbuzi wawili, jiulize: marobota 40 yatalala wapi, na yatatoka wapi? Si lazima yote yawe nyasi. Mabua ya mahindi na mtama, maganda na mabua ya kunde, ndengu na mbaazi, yote ni chakula kizuri yakivunwa mapema, yakikaushwa kivulini na kuwekwa juu ya kichanja mbali na mchwa. Wakulima wengi huyaacha shambani yakaliwa na mifugo ya njiani, kisha mwezi wa Agosti wananunua majani kwa bei ya juu.

Panda pia nyasi za kwetu zinazostahimili jua, kama mbeetwa na ndata kivumbu. Watafiti wa KALRO huko Kiboko, Makueni, wamezifanyia kazi miaka mingi na kuwahimiza wakulima wazipande. Usitegemee matete ya Napier isipokuwa una mahali penye unyevu, maana ni ya nchi yenye mvua. Kingo za matuta zipandwe lusina, lakini majani yake yasizidi theluthi moja ya chakula cha siku, kwa sababu yakizidi humdhuru mnyama. Mti wa mukau usisahauliwe. Majani yake huliwa na mbuzi wakati wa kiangazi, na mbao zake ni mali ya watoto wako. Maganda ya migunga nayo yaokotwe na kuwekwa katika magunia.

Kumbuka tena kiangazi cha 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za kaskazini na mashariki mwa Kenya. Akiba ya msimu mmoja haikutosha. Kwa hiyo weka ahadi na nafsi yako mapema: mvua zikikosa mara mbili, nitauza nani kwanza? Mwenye kuamua hayo akiwa ameshiba huuza mbuzi mnono kwa bei nzuri. Mwenye kungoja huuza mifupa.

MAJI

Mbuzi anayetoa maziwa hunywa maji mengi kuliko mbuzi mkavu. Siku ya joto yaweza kufika lita tano hadi nane. Tukichukua lita sita kwa siku 150, ni lita 900, yaani madebe 45 ya lita 20 kwa mbuzi mmoja. Kwa mbuzi wawili ni madebe 90.

Sasa jiulize ni nani atakayeyachota. Kama ni mama wa nyumbani, naye huenda mtoni au kwenye bwawa la mchanga kutafuta maji ya watoto, yeye ndiye wa kuulizwa kwanza kabla ya mbuzi kununuliwa. Mara nyingi baba hununua mbuzi na mama hununuliwa kazi. Kama kazi ni ya mama, na pesa za maziwa zipite mikononi mwake. Nyumba zilizofanya hivyo, mbuzi wao hukaa vizuri.

Paa la mabati na tangi la kukinga mvua lafaa kuja kabla ya mbuzi. Mvua ya Novemba ikiangukia paa na kupotea, kiangazi utalipa kila debe kwa pesa au kwa mgongo.

NI MBUZI WA NAMNA GANI?

Mbuzi wa maziwa wanaojulikana sana Kenya ni hawa. Toggenburg na Saanen asili yao ni Uswisi. Toggenburg ni wa kahawia mwenye mistari myeupe usoni, na Saanen ni mweupe. Alpine wa Ujerumani ni wa kahawia mwenye mstari mweusi mgongoni. Wote hao ni wa nchi za baridi. Hapa kwetu wamestawi zaidi Nyeri, Meru na sehemu nyingine za milimani. Anglo-Nubian, mwenye masikio marefu yanayoning'inia, huvumilia joto kuliko hao wengine.

Mbuzi wa nchi ya baridi akiletwa kwenye joto hula kidogo, na asiyekula hatoi maziwa. Tena aliyezaliwa milimani hakuzoea kupe wa huku, na akiumwa nao aweza kufa kwa ugonjwa uletao maji moyoni, ilhali mbuzi wetu wa kienyeji apita salama. Kwa hiyo zile lita nne ulizosikia hazisafiri pamoja na mbuzi katika gari. Zilibaki kule kwenye baridi na majani mabichi.

Njia ya busara kwa mkulima wa Kabati ni kuanza na mbuzi jike wa kwake mwenyewe, mkubwa na mwenye kiwele kizuri, na kumpandisha kwa beberu wa maziwa. Mtoto atakuwa nusu wa gredi na nusu wa kienyeji. Chotara huyo, akitunzwa vyema, aweza kutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na mama yake hakutoa hata nusu lita. Shirika la FARM-Africa lilifuata njia ya namna hiyo Meru, na baadaye likafanya kazi pia Kitui na Mwingi. Vikundi vya wakulima vilitunza beberu, na kila mwanakikundi akaleta mbuzi wake.

Beberu mmoja hutosha mbuzi majike 25 au 30. Kwa nini basi kila mtu anunue wake? Jiungeni, mnunue mmoja mzuri, mwenye nafasi amtunze, na wengine walipe kidogo kila wapandishapo. Baada ya mwaka mmoja na nusu mbadilishane na kikundi cha mbali, ili asije akawapanda binti zake mwenyewe. Watoto wa namna hiyo huwa dhaifu.

Na kama ukipiga hesabu ya majani na maji ukaona hayatoshi, usivunjike moyo. Nunua beberu wa Galla. Huyu ni mbuzi mweupe wa kaskazini mwa Kenya, mkubwa wa mwili, azoeaye ukame. Jike hufikia kilo 45 hadi 55, na beberu aweza kufika kilo 70, ilhali mbuzi wetu mdogo wa kienyeji ni kama kilo 25 hadi 30. Galla huweza kutembea malishoni, hutoa maziwa ya kutosha chai ya nyumbani, na mnunuzi wa nyama humtafuta mwenyewe.

NYUMBA NA USAFI

Mbuzi wa gredi hapendi matope. Mjengee banda lililoinuliwa futi mbili au tatu kutoka ardhini, lenye sakafu ya fito au mbao zilizoachana kama nusu inchi. Mavi na mkojo hupita chini, kwato hubaki kavu, nawe waipata mbolea bila shida. Upande wa upepo mkali uzibwe, na upande mwingine uachwe wazi upate hewa. Kihori cha chakula kiwe nje ya banda, mbuzi atoe kichwa tu. Chakula alichokikanyaga hali tena.

Usifuge mbuzi mmoja peke yake. Mbuzi ni mnyama wa kundi, na akiwa pekee hulia, hukonda na kupunguza maziwa. Wawili ndio mwanzo mzuri.

Banda la beberu liwe mbali na mahali pa kukamulia. Watu wengi husema kwamba maziwa ya mbuzi yananuka. Mara nyingi harufu ile ni ya beberu aliye karibu au ya chombo kichafu. Osha mikono na kiwele, kamulia katika chombo cha chuma kisafi, chuja, na upoze maziwa upesi.

MAGONJWA

Yako magonjwa mawili makubwa yanayoweza kumaliza banda zima. La kwanza ni homa ya mapafu ya mbuzi: hukohoa, hupumua kwa shida, hutoka kamasi. La pili ni sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Kenya mwaka 2006 kutoka Turkana: macho na pua hutoka uchafu, mdomo huota vidonda, mnyama huhara. Yote mawili yana chanjo zitengenezwazo hapa nchini. Mwulize Bwana au Bibi Mifugo wa wadi yako siku za kuchanja, ujiandikishe mapema.

Magonjwa mengine ni ya kila siku: minyoo, kupe, upele, kuoza kwato, na ugonjwa wa kiwele. Funua kope la chini la jicho la mbuzi mara kwa mara. Likiwa jekundu au la waridi, ni vema. Likiwa jeupe kama karatasi, minyoo imekwisha kunywa damu yake.

Maziwa yachemshwe kila mara kabla ya kunywewa. Homa ya brusela hupitia katika maziwa mabichi ya mbuzi, nayo humsumbua mtu miezi mingi kwa homa na maumivu ya viungo. Tena mtoto mchanga wa chini ya miezi sita asipewe maziwa ya mbuzi badala ya ziwa la mama.

MNUNUZI NA HESABU YA MWAKA

Sasa chukua karatasi. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Futa zangu, uandike za Kabati za wiki hii.

Tuseme umemnunua chotara mmoja kwa shilingi 20,000. Atoa lita moja na nusu kwa siku, kwa siku 200. Jumla ni lita 300. Mtoto wake anywe nusu lita kwa siku 90, ni lita 45. Nyumbani mnywe nusu lita kwa siku zote 200, ni lita 100. Zinabaki lita 155 za kuuza. Kwa shilingi 100 kila lita, ni shilingi 15,500.

Toa gharama. Unga wa mifugo wa dukani nusu kilo kwa siku, kilo 100 kwa shilingi 40, ni shilingi 4,000. Dawa, chanjo na chumvi ya mifugo, shilingi 2,500. Kupandisha, shilingi 500. Nyasi za kuongezea kiangazi, shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 10,000.

Faida ni shilingi 5,500, pamoja na maziwa ya watoto wako, mbolea, na mtoto wa mbuzi. Kwa pesa za maziwa peke yake, zile shilingi 20,000 zitarudi baada ya miaka mitatu na nusu na zaidi. Si mbaya, lakini si utajiri wa mwaka mmoja. Na kama shilingi 20,000 zile zilikuwa karo ya muhula ujao, au mkopo wa kulipwa kila mwezi, mbuzi hataweza kuilipa kwa wakati.

Sasa futa mstari wa mnunuzi. Tuseme hakuna atakaye maziwa ya mbuzi kwa shilingi 100. Gharama zile 10,000 zinabaki pale pale, na wewe umepata hasara. Mbuzi ni yule yule na majani ni yale yale. Mnunuzi tu ndiye aliyekosekana.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tembea. Uliza kwa majirani, mwenye hoteli ya chai, mwalimu mwenye watoto wadogo. Waulize watu watano: "Nikileta maziwa safi ya mbuzi kila asubuhi, utachukua kiasi gani, na kwa bei gani?" Andika majibu yao. Anayesema "nitaona" usimhesabu. Ukikusudia kuuza kwa biashara, uliza pia masharti ya Bodi ya Maziwa kuhusu leseni na vyombo. Na kama wanunuzi hawapo, panga kwamba maziwa ni ya nyumbani, ufuge mmoja au wawili kwa gharama ndogo, na usinunue unga wa dukani kuliko inavyofaa.

SIKU YA KUNUNUA

Usitume pesa kwa M-Pesa kwa ajili ya mbuzi ambaye hujamwona. Nenda mwenyewe, uende asubuhi wakati wa kukamua, pamoja na mtu anayejua mifugo. Ukifika, fanya haya:

1. Omba kukamua kwa mkono wako. Maziwa yapimwe mbele yako. Kiwele kiwe laini pande zote mbili, kisicho na uvimbe, chenye chuchu mbili sawasawa. Maziwa yasiwe na mabonge wala damu.

2. Tazama meno ya mbele ya taya la chini. Meno makubwa mawili ni wa kama mwaka mmoja na kitu, na meno makubwa manane ni wa kama miaka minne. Yakiwa yameachana au kung'oka, amezeeka.

3. Mtembeze. Asichechemee, na kwato zisiwe zimepindana.

4. Omba kuona mama yake, na kitabu chake. Muuzaji asiye na maandishi anauza maneno.

5. Uliza kwa nini anauzwa. Kisha mwulize jirani swali lile lile.

6. Uliza kama amechanjwa, na lini. Kabla ya kumsafirisha pata kibali kutoka ofisi ya mifugo ya mahali pale.

Ukimfikisha nyumbani, mtenge na mbuzi wako wengine wiki mbili au tatu. Beba na magunia machache ya chakula alichokizoea, umbadilishie polepole. Tumbo la mbuzi halipendi mageuzi ya siku moja.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la shule la shilingi chache latosha. Andika siku aliyopandishwa, siku aliyozaa, maziwa ya kila siku, dawa aliyopewa, na kila shilingi iliyoingia na iliyotoka. Akitaka beberu na asipandishwe, atarudi kumtaka baada ya siku 18 hadi 21. Ukiandika, hutapitwa. Baada ya mwaka, daftari litakuambia kama umwongeze mbuzi wa tatu au umwuze wa pili. Daftari halina sifa wala halina wivu.

Basi, ndugu mkulima, shika utaratibu huu. Msimu huu wa mvua panda mbeetwa na lusina, na utengeneze kichanja cha mabua. Kiangazi kikija, hesabu marobota yako na madebe yako. Katika miezi hiyo tembelea wanunuzi watano, na uongee na majirani juu ya beberu wa kikundi. Mvua zifuatazo jenga banda. Yote hayo yakiwa tayari, njoo ofisini uulize mbuzi wapatikana wapi. Tutakujibu kwa furaha, na karatasi yako ya hesabu uje nayo.